Karata Nne Mkononi, Mbili Tu Mezani

Kuna hoja moja imekaa kwenye vimbweta vyetu muhula huu na sijaona anayeipinga. Inasema hivi: Omaha ni poka ya wenye haraka ya kushinda, kwa sababu unagawiwa karata nne badala ya mbili. Karata nyingi, nafasi nyingi. Ukishapewa nne, lazima kuna kitu humo ndani, kwa hiyo we ingia tu.

Mimi naipinga, tena naipinga nikiwa mpenzi wa mchezo wenyewe. Sijaja kuhubiri kwamba karata ni dhambi, na sijaja kumtangazia mtu mahali pa kuchezea. Nataka tuelewane jambo moja: kazi kubwa ya Omaha inafanyika kabla karata ya kwanza ya mezani haijafunuliwa, na kazi yenyewe ni kukataa. Asiyeweza kukataa asikae mezani, hata kama anajua hesabu zote za dunia.

Kwa asiyeujua, mchezo uko hivi. Kila mchezaji anagawiwa karata nne anazoziona mwenyewe. Mezani zinafunuliwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Katika kila hatua watu wanaweka dau, wanaongeza, au wanatupa karata na kujitoa. Wakibaki wawili au zaidi mpaka mwisho, wanaonyeshana, na mwenye karata tano bora anabeba kitita. Mpaka hapo ni poka kama poka nyingine. Tofauti iko kwenye kanuni moja ambayo wengi wanaisikia na kuisahau papo hapo: katika zile tano, ni lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani. Moja hairuhusiwi, tatu haziruhusiwi. Ni mbili.

Angalia kanuni hiyo inavyoumiza. Mkononi una ree ya shupaza, yaani ile A, na karata zako nyingine tatu ni kopa na uru. Mezani zimelala shupaza nne. Kwenye Texas Hold'em, ile ya karata mbili, hapo umeshika flashi ya ree na unaweza kuanza kutabasamu. Kwenye Omaha huna flashi kabisa, kwa sababu mkononi una shupaza moja na ulitakiwa uwe nazo mbili. Mtu aliyekaa na shupaza 4 na 3 anakupiga. Ubishi niliowahi kuusikia hosteli juu ya jambo hili ungeweza kuamsha mlinzi wa getini.

Mchezo wenyewe si wa kale. Uliingia kwenye kasino za Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Robert Turner alipoupeleka kwa Bill Boyd, msimamizi wa ukumbi wa karata wa Golden Nugget. Mwanzoni wakauita Nugget Hold'em, jina la Omaha likashika baadaye. Sisi umetufikia kwenye simu, na umetukuta na malezi yetu ya karata. Hapo ndipo penye shida.

Mimi nimekulia Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa, na karata nilizijua kabla sijajua desimali. Watoto tulicheza lasti kadi. Wakubwa walicheza albastini, kwa turufu na kwa kelele. Ni michezo mizuri na sitaki mtu aidharau. Ukitaka kujua ni ya siku nyingi kiasi gani, sikiliza maneno yake: turufu, kopa, uru, shupaza na pau yametokana na Kireno, yakabaki Pwani hata baada ya Wareno kupoteza Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, kisha yakapanda bara mpaka kwetu Usukumani.

Lakini iangalieni michezo hiyo kwa makini. Kwenye lasti kadi lengo ni kumaliza karata mkononi, kwa hiyo kila karata, hata iliyo mbovu, inatafutiwa nafasi yake. Kwenye albastini unagawiwa, unacheza. Zikiwa mbaya unambania mpinzani, unamsubiri mwenzako akuokoe, lakini hujitoi. Hakuna anayesema, "Mimi zamu hii naziacha." Akisema hivyo anaambiwa ampishe mwingine kwenye benchi.

Kwa hiyo tunafika kwenye poka tukiwa na tabia ya kucheza chochote tulichogawiwa. Poka ya karata mbili angalau inakuonea huruma, maana ubaya wake unaonekana. Ukipewa 7 na 2 unajua umepewa takataka. Karata nne zinaficha takataka. Utaona mfalme pale, utaona pea ndogo hapa, utaona kopa mbili zinazofanana, na moyo unaanza kukutungia hadithi ya namna utakavyoshinda.

Tuweke namba mezani. Pakiti ina karata 52. Mikono tofauti ya karata mbili ni 1,326. Mikono ya karata nne ni 270,725. Kwenye Hold'em pea ya ree inakuja wastani wa mara moja katika 221. Kwenye Omaha, mkono wenye ree mbili au zaidi unakuja karibu mara moja katika 39. Mtu akisikia hivyo anafurahi, akisahau kwamba neema hiyo imemwagika meza nzima. Umepewa nne, na jirani yako kapewa nne. Meza ya watu sita ina karata 24 mikononi, karibu nusu ya pakiti. Ndiyo maana pea mbili, ambazo kwenye Hold'em zinakulisha, kwenye Omaha mara nyingi ni za kumlipia mwenzako nauli.

Sasa hesabu inayonifanya niipende Omaha. Kwa kuwa lazima utumie karata mbili za mkononi, mkono wa karata nne kwa kweli ni jozi sita zilizofungwa pamoja. Chukua kalamu uandike. Mfano umepewa K, Q, J na 3. Jozi zake ni K-Q, K-J, Q-J, halafu K-3, Q-3, J-3. Tatu za kwanza zinaelewana. Tatu za mwisho hazina la kuambiana. Ile 3 ni abiria aliyepanda hadi mwisho wa safari bila kulipa nauli, na kiti chake umekilipia wewe. Umeweka dau la jozi sita, mkononi una jozi tatu. Mwenzako mwenye J-10-9-8 ana jozi sita zote zinafanya kazi, ingawa hana hata mfalme mmoja.

Hilo ndilo kosa la macho yetu. Tunaangalia karata iliyo kubwa, wakati tulitakiwa kuangalia karata zinazofahamiana. Mfalme mpweke ana heshima tu, msaada hana.

Nguvu ya kushikana inapimika. Shika J-10-7-6, halafu mezani zifunuliwe 9-8-2. Hesabu karata zinazokukamilishia mfululizo: malkia wanne, jeki waliobaki watatu, 10 tatu, 7 tatu, 6 tatu na 5 nne. Jumla ni 20. Kwenye Hold'em, mfululizo uliofunguka pande zote mbili unasubiri karata 8. Kweli, si zote hizo 20 zitakupa mfululizo mkubwa kuliko wa wenzako, na hilo nitalirudia hapa chini. Lakini 20 kwa 8 ni tofauti ya mtu mwenye ndoo na mtu mwenye kikombe kwenye bomba moja.

Basi mimi nikigawiwa nne najiuliza maswali matatu, kwa utaratibu huu huu.

La kwanza: zinashikana? Natafuta namba zinazofuatana au zilizo jirani, au pea kubwa iliyosindikizwa na karata zinazofanana nayo kwa ukubwa. Nikikuta karata moja iko peke yake, naihesabu kama haipo. Nikikuta mbili ziko peke yake, natupa mkono mzima.

La pili: aina zake zikoje? Ninachotaka ni mbilimbili, mfano kopa mbili na shupaza mbili, kwa sababu hapo nina njia mbili za kupata flashi. Wengi wanashangilia wakipata kopa nne. Hiyo ni hasara. Pakiti ina kopa 13. Ukiwa na mbili, zimebaki 11 za kukusaidia. Ukiwa na nne, zimebaki 9, na zile mbili za ziada huruhusiwi kuzitumia. Umejifungia mwenyewe mlango. Vivyo hivyo kwa namba: 7-7-7-2 ni mkono mbovu, kwa sababu 7 ya tatu haichezi na imeua nafasi ya 7 nyingine kutokea mezani. Na 2-2-2-2, ambayo mgeni angeipiga picha ya kumwonyesha mama, inakaribia kuwa mbaya kuliko zote. Umeshika nne, utatumia mbili, na hakuna 2 nyingine duniani ya kuja kukuokoa.

La tatu: zikikamilika, zitakamilika kwa ukubwa gani? Hapa ndipo nilisema nitarudi. Kwa kuwa karata nyingi ziko mikononi mwa watu, ukipata flashi ndogo uwezekano ni mkubwa kwamba mwingine ana iliyo kubwa zaidi. Flashi ya 8 inakufanya ulipe mpaka mwisho, kisha inakuaibisha. Kwa hiyo ree inayoambatana na karata nyingine ya aina yake ina thamani kubwa sana, na mfululizo wa chini, mfano 5-4-3-2, unadanganya: ukikamilika, mara nyingi kuna aliyekamilisha wa juu yake.

Ukiunganisha maswali hayo matatu utaona kwa nini wachezaji wanaiheshimu A-A-K-K iliyogawanyika kwenye aina mbilimbili. Inajibu ndiyo mara tatu. Kisha iangalie A-A-7-2 yenye aina nne tofauti. Ree ni zilezile, ila zimekaa na wapangaji wasiosaidiana hata kuteka maji. Ukipata pea ya ree peke yake mezani kwa watu watano, huna chochote cha kujivunia. Mimi naicheza kwa bei ndogo, na nikiona watu wanapandisha baada ya karata tatu za mezani kunipita kando, naiachia bila kinyongo.

Kuna swali la nne linalohusu kiti kuliko karata: nani anaongea baada yangu? Anayeamua wa mwisho ameshaona wenzake wamefanya nini. Mkono wa wastani unaweza kuchezeka ukiwa wa mwisho, na mkono uleule ni wa kutupa ukiwa wa kwanza.

Ukifuata utaratibu huu utatupa mikono mingi kuliko utakayocheza. Utakaa. Utaangalia. Utachoka. Likizo nikiwa nyumbani Nyalikungu tunacheza kwa dengu, kila mtu punje 100, na atakayeishiwa anaosha vikombe vya chai. Dengu kwetu hazikosekani. Zinapandwa mvua zikielekea ukingoni, kwenye udongo mweusi wa mbugani unaotunza unyevu. Mzee mmoja jirani yetu alikaa akatutazama muda mrefu, akauliza, "Ng'wanawane, mchezo gani huu, kila saa watu wanarudisha karata?"

Nikamwambia, "Shikamoo babu. Ndiyo wenyewe huo. Anayerudisha naye anacheza."

Akaitikia salamu, akafikiri. "Basi mimi ni bingwa. Mnadani naenda kila wiki, ng'ombe nanunua mmoja kwa mwaka."

Sijasikia mwalimu wa Omaha aliyelieleza vizuri zaidi. Na hakuna aliyemwita yule mzee mwoga kwa kurudi mnadani mikono mitupu.

Sasa nifike kwenye kitu kinachoniwasha hasa, maana kama ingekuwa ni dengu tu nisingeandika. Bumu likitoka, hosteli zinabadilika. Wale wa mikeka wanajaza mikeka ya mpira, na siku hizi kuna kundi linalojiona limeelimika zaidi. Wao wanasema, "Sisi hatubahatishi. Poka ni ujuzi." Hoja yao ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari kuliko ya wenye mikeka. Ni kweli kuchagua karata ni ujuzi. Maelezo yote hapo juu ni ujuzi. Lakini sikiliza ujuzi huo unalipa lini.

Chukua ile A-A-K-K, karata nzuri kuliko zote. Iweke ipambane na 8-7-6-5 zilizogawanyika vizuri kwenye aina mbilimbili. Ile ndogo inashinda karibu mara nne katika kumi. Yaani umefanya kila kitu sawasawa, umesubiri saa tatu, umepata mkono wa ndoto, na bado unapotea karibu mara nne katika kumi. Kwenye Hold'em pea ya ree ikikutana na karata zozote tu inashinda kama mara 85 katika 100. Omaha haikupi nafasi hiyo. Tofauti kati ya mkono mzuri na mkono wa wastani ni ndogo, kwa hiyo faida ya kuchagua vizuri inaonekana baada ya mikono maelfu, ukiwa na akiba ya kuvumilia vipigo vya katikati. Na kila kitita kinapobebwa kwenye meza ya biashara, mwenye meza ameshakata chake kwanza.

Bumu halina maelfu ya mikono. Bumu lina wiki kadhaa, lina kodi ya chumba, lina wali maharage na lina kurudufu nondo za kusomea mtihani. Mwanafunzi anaweza kuchagua karata kwa usahihi siku nzima na akalala njaa wiki mbili. Halafu tukumbuke ile hela ni ya nani. Mkopo wa HESLB unarudishwa, na ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Kuna mtu atakuwa kazini na familia yake, bado analipia pea ya wafalme aliyoitupia hela akiwa mwaka wa pili, na hata sura za waliomla hazikumbuki.

Kwa hiyo yale maswali yangu matatu yana la kwao mbele, la kujiuliza kabla karata hazijagawiwa: hela hii ikienda yote usiku huu, kesho nakula? Jibu likiwa hapana, huo ndio mkono wa kwanza kuutupa, na umeutupa bila kulipa hata shilingi.

Najua kuna watakaosema suluhisho ni kupiga marufuku karata zote chuoni. Siafiki. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ipo, Bodi ipo, kuendesha mchezo wa fedha bila leseni ni kosa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Marufuku juu ya marufuku itawahamisha watu kutoka kwenye kimbweta, ambako tunaonana, kwenda chini ya blanketi na simu, ambako hakuna anayemwambia mwenzake "tupa hizo". Mezani kuna aibu, kuna utani, kuna rafiki wa kukuvuta shati. Kwenye simu uko wewe na kitufe.

Pendekezo langu kwa serikali yetu ya wanafunzi, hasa waziri wa michezo, ni dogo na halihitaji bajeti ya kugombania. Tuna draftini, tuna bao, tuna ligi ya mpira wa miguu. Tuongezewe jioni moja kwa wiki ya karata bila fedha, wazi, mahali penye taa. Albastini iwepo, lasti kadi iwepo, na Omaha iwepo. Wanaosoma takwimu waje wafundishe zile jozi sita ubaoni, wataona wenzao wanaelewa nadharia ya uwezekano kuliko walivyoielewa kwenye lekcha. Kanuni iwe moja: atakayeweka hela mezani anatoka.

Pakiti mbili za karata nitaleta mimi. Dengu pia. Nikitoka likizo kilo moja haitanishinda, na wakibaki wenye njaa baada ya mchezo tutazichemsha.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Nyalikungu, Maswa.